Vichupa Vinne na Nyegere wa Al Khoudh

Jumapili, 12 Januari

Vichupa vinne, kama kila asubuhi. Karafuu. Ganda la ndimu. Mawaridi makavu. Kahawa. Nanusa kimoja kimoja taratibu huku nikikumbuka kinavyonukia, ndivyo alivyoagiza daktari. Karafuu: hakuna. Ndimu: hakuna. Mawaridi: hakuna. Kahawa: nilidhani kuna kitu, kumbe hamu tu.

Tangu homa ya Ramadhani iliyopita pua yangu ni pambo la uso. Alhamdulillahi hata hivyo. Macho yapo, miguu ipo, ulimi bado unajua chumvi. Lakini leo nimeunguza vitunguu tena, na Nassor ndiye aliyekuja mbio kutoka uani kuzima jiko. Mtoto wa Kizanzibari, hata huku Uarabuni, asiyesikia karafuu. Inaniuma. Siwezi kusema haiumi.

Jioni Nassor karudi kutoka shamba amenuna. Mzinga mmoja umepasuliwa. Ile mizinga yake ya magogo ya mtende anaipenda kuliko gari. Anasema mbwa. Nikamuuliza kilicholiwa. Majana yote, watoto wa nyuki masegani, asali imeachwa inachuruzika. Mbwa gani huyo! Sikusomesha baiolojia miaka yote ile ili mume wangu aniambie mbwa. Ni nyegere.

Jumanne, 14 Januari

Nassor alifungua banda la zana kule shamba kuchukua bomba la maji. Nyegere alikuwa ndani, nyuma ya magunia. Akamgeuzia mgongo, akainua mkia. Nassor anasema hakumbuki alivyofika nje. Katapika chini ya mndimu.

Karudi nyumbani, nikampokea mlangoni nikimuuliza kwa nini analia. Akanikodolea macho. "Mama Raya, wallahi husikii?" Sisikii. Mpaka jirani kafunga madirisha. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kanzu yake nimeifua mara tatu, mwenyewe akakaa uani mpaka magharibi kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nimemweleza, ingawa hakuwa na hamu ya somo. Nyegere ana kifuko chini ya mkia, chenye tezi. Akibanwa hukigeuza nje na kumwaga. Kule Marekani yuko mnyama mweusi mwenye milia myeupe anayerusha yake mbali, tena kwa shabaha. Huyu wetu hana haja ya shabaha. Anamwaga pale pale aliposimama na kukuachia mwenyewe uamuzi. Watu husema hata nyuki hupumbaa. Hilo mimi sijalithibitisha.

Kilichonikaa moyoni ni kingine. Nyegere hupenda kukimbia au kupigana. Huyu hakufanya hata moja, kabaki nyuma ya magunia. Kwa nini?

Jumatano, 15 Januari

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Nassor hakuwasikiliza. Asubuhi kachukua chetezo na udi wetu mzuri, ule wa harusi, akaenda kulifukiza banda kutokea mlangoni. Sasa, kwa maelezo yake, kuna harufu ya nyegere aliyevaa nguo za harusi. Ndiyo mbaya zaidi. Haivumiliki hata kutoka barabarani.

Bomba linatakiwa, miche inakauka. Nani ataingia? Nassor akanitazama mimi. Mara ya kwanza tangu Ramadhani pua yangu imefaa kitu.

Sikuwa mjinga. Nilikaa kwanza ndani ya gari, vioo juu. Majira haya ya baridi nyegere hutoka hata mchana, na kweli, akatoka. Mweusi chini, juu kama amefunikwa shuka ya kijivu iliyofuliwa vibaya. Anatembea kwa kudundadunda, bila haraka, bila kutazama nyuma. Mnyama asiye na wasiwasi na mtu. Akashuka wadini, kwenye bonde la mto mkavu.

Nikaingia. Bomba nikaliona. Halafu nikasikia sauti nyuma ya magunia, kama mlango mkavu unaofunguliwa. Mtoto. Mmoja, manyoya machache, macho bado hayajafumbuka, amelala juu ya gunia la zamani la mbolea. Sikumgusa. Nilitoka kwa kurudi nyuma, bomba begani.

Kwa hiyo ndiyo maana hakukimbia. Nikaingia garini nikafunga mlango taratibu. Nashukuru aliyemwona ni mimi.

Alhamisi, 16 Januari

Shemeji Khalfan kaja. Kaka mkubwa wa Nassor, shamba lake limepakana na letu. Nyegere kamlia kuku, wengi. Ana haki ya kukasirika, sikumpinga. Anataka kuweka nyama yenye sumu bandani na kumaliza maneno.

Nassor akakaa kimya. Mbele ya kaka yake huwa kimya, najua, na leo kimya chake kimenichoma. Nikasema mimi. Nikamwambia Shemeji, aliyemo bandani ni mzazi. Katika nyumba zetu mzazi hatolewi nje kabla ya arubaini. Mama yake Khalfan mwenyewe alinikalia mimi arubaini yangu nilipomzaa Raya, akanikanda, akaninywesha uji wa pilipili manga, hakuniruhusu hata kukanyaga uani. Je, angekubali leo?

Nilitumia jina la marehemu mama yao. Si haki kabisa, lakini nilitumia.

Khalfan kagonga fimbo yake sakafuni. Akasema, "Shemeji, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikamjibu mgeni huyu kaja na majembe yake mwenyewe, kucha kumi za mikono ya mbele. Hapo kacheka, hakutaka lakini kacheka. Nikamweleza kwamba mama nyegere hakai pahala pamoja. Kila baada ya siku chache humbeba mtoto kwa mdomo akamhamishia shimo jingine. Asubiri tu. Akasema haya, hatamgusa, ila kuku wake atawafungia na nyegere akija tena hatalalamika. Kaahidi.

Alhamdulillahi. Nimempikia mkate wa kumimina. Nassor kasimamia jiko, kwa sababu ya kuungua.

Ijumaa, 17 Januari

Raya kaja kutoka Ghubra. Kafungua mlango wa gari, kaufunga kwa harufu. Kafungua tena. Mwanangu anafanya kazi ofisini, hajazoea maisha.

Nassor alikwenda kusali Ijumaa na kanzu mpya kabisa. Anasema bado watu walimwachia nafasi safuni, kulia na kushoto. Haikutoka nguoni tu, imeingia hata kwenye ndevu. Raya kacheka mpaka machozi. Nikawatazama wawili wale mezani na nikajisikia nimejaliwa.

Vichupa asubuhi: hakuna. Raya kaninusisha mwenyewe, kaniuliza kila mara, "Na hii mama?" Kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimuuliza rangi alipokuwa mdogo. Nikasema hakuna, hakuna, hakuna. Nimejifanya sijali.

Alasiri nilikwenda kumwonyesha wadi kutoka garini. Tulimwona mama. Kachimba chini ya mkunazi, vumbi linaruka nyuma yake, kisha katoa nge. Kamtafuna kama mtu anavyotafuna bisi. Raya kauliza kama hadhuriki. Hudhurika, nikamwambia, ila kidogo. Ngozi nene tena legevu. Ukimshika shingo anaweza kugeuka ndani ya ngozi yake akakuuma. Raya kasema, "Kama wewe, mama." Sijui kama ni sifa. Nimeichukua.

Jumamosi, 18 Januari

Siku mbaya. Naandika nimechoka.

Asubuhi mama nyegere hayupo. Mtoto analia. Nikasema atakuja. Saa nne hayupo. Saa sita hayupo. Mtoto analia bado, sauti imepungua. Nikaingia nikamwangalia kwa mbali, anatambaa akitafuta chuchu juu ya gunia. Sikuweza kutazama.

Nikampigia Shemeji simu. Hapo kasema kweli. Nyama aliiweka Jumatano, kabla hajaja kwetu. Wadini, chini ya mawe. Alipoahidi Alhamisi alikuwa na nia ya kwenda kuitoa, akaenda, hakukumbuka jiwe gani. Mawe yote ya wadi yanafanana. Aliona haya kusema.

Nilimfokea. Kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa kuheshimiwa, nikamfokea kwenye simu mpaka sauti ikakauka. Robo saa baadaye gari lake limesimama wadini, naye kashuka na fimbo na goti lake bovu.

Tulitafuta watatu. Nassor upande wa mitende, mimi kati, Khalfan kule juu. Jua, mawe, mawe tena. Nilikuwa natafuta vitu viwili, nyama na mzoga, na nilijua kipi naogopa kukipata. Khalfan alikuwa akiinua jiwe, anasema astaghfirullah, anainua jingine.

Yeye ndiye aliyeipata. Yote, haijaguswa hata na chungu. Kakaa chini palepale akafunika uso kwa kilemba. Nassor kachimba shimo refu wakaizika, wakapanga mawe mazito juu, kisha wakanawa.

Na bado hayupo.

Alikuja kabla ya magharibi. Kutokea upande mwingine kabisa, kule kwenye vilima, anadundadunda, dhabu mzima mdomoni, mjusi mkubwa karibu kama yeye. Alikuwa mbali akiwinda, basi. Alitupita sisi watatu tumesimama tumejaa vumbi, hakutupa hata jicho. Kaingia bandani. Kilio kikakatika.

Khalfan kasema, "Mama kafika." Nikamwomba radhi kwa simu ile. Akaniambia angekuwa marehemu mama yake angemfokea zaidi.

Nassor kanishika mkono kurudi garini. Si kawaida yake, nje. Namshukuru Mungu kwa jiwe lile, kwa dhabu yule, kwa goti la Khalfan lililovumilia. Namshukuru kwa yote.

Jumapili, 19 Januari

Wamehama. Nimewaona kwa macho yangu, baada ya alfajiri. Kambeba mtoto kwa ngozi ya mgongo, ananing'inia kama mfuko mtupu. Kamweka chini mara moja, kajikuna, kamnyanyua tena. Wakapanda kilimani.

Nilitaka kupunga mkono. Nikapunga. Hakuna aliyeniona.

Jumanne, 21 Januari

Leo nimesafisha banda. Kazi yangu mimi, hakuna wa kunigombea. Nassor kasimama mbali na ndoo za maji, kitambaa puani, ananitupia sabuni kama anayelisha simba.

Gunia lile la mbolea nililiacha mwisho. Nilipiga magoti kulikunja. Limebonyea katikati, mahali alipolala mtoto, na manyoya machache yamenasa. Nikalileta usoni. Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea ya vichupa, labda kwa kuwakumbuka.

Kulikuwa na kitu.

Mbali sana, kama nyuma ya ukuta. Kibaya. Yai viza na mpira ulioungua, na chini yake kitu kizito, cha mnyama, cha joto. Nikaliondoa gunia, kikaondoka. Nikalirudisha, kikarudi. Nikafanya hivyo mara nyingi. Nilikuwa nalia huku nimetia pua yangu ndani ya uvundo wa nyegere, na Nassor anaita kutoka kule, "Mama Raya, umeumia?"

Nilisema nasikia. Nikasema tena nasikia. Kaangusha ndoo.

Raya nimempigia. Kalia na yeye. Khalfan katuma kuku, kashachinjwa.

Jioni nimekata kipande cha gunia nikakitia kwenye kichupa. Sasa viko vitano. Nassor kaomba hicho cha tano kikae nje dirishani, kifuniko kimekazwa vizuri. Nimekikaza.