Kupika au Kupiga

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimekubaliwa! Mara mbili! Vyuo viwili, masta ileile: kubuni mafunzo na kufundisha mtandaoni. Mimi, Chepkurui, mwalimu wa sayansi hapa Kiptere, nitasoma masta nikiwa na gambuti miguuni!

Cha Nairobi kina jina, ila darasa ni kila jioni saa kumi na mbili – saa ya kukamua ng'ombe wetu. Cha ng'ambo nitasoma kwa wakati wangu, lakini miaka yote miwili lazima niwe na wanafunzi halisi. Nijibu kimoja tu, mwisho Ijumaa saa kumi. Mwalimu mkuu anasema Nairobi, hicho kingine hajawahi hata kukisikia. Nimerukaruka jikoni mpaka Mama akauliza kama nimeingiwa na siafu.

Jumanne, 9 Septemba

Wa ng'ambo wanataka tujaribu kwanza: somo la dakika tano kwa video, wanafunzi watatu, tuwatumie matokeo. Nimemrekodi Mama akifundisha kupika sageti, mboga yetu ya kienyeji, kwa maziwa. Alivaa kitambaa cha kanisani! Mboga ile na kitambaa kile! Nimewatumia walimu wenzangu Akeyo na Janeffer, na Osoro, karani wetu wa shule.

Jumatano, 10 Septemba

Uuui! Osoro amepiga sageti. Ameipiga kabisa, kwa mwiko, ikawa kama tope! Anasema mwalimu wa video alisema, "Unapiga polepole mpaka inalainika." Nimesikiliza mara sita. Mimi nasikia "unapika"! Akeyo amecheka mpaka akakaa chini: eti sisi Wakipsigis k na g kwetu ni pacha, na mimi nina masikio ya nyumbani.

Na matokeo nilikuwa nimeshatuma, pamoja na tope la Osoro. Aibu. Basi, Nairobi.

Alhamisi, 11 Septemba

Wa ng'ambo wamejibu! Mhadhiri anasema somo likikosea mahali pamoja, hapo ndipo kazi inaanza. Sasa nirekebishe bila kumbadilisha mwalimu.

Mwalimu! Wamemwita Mama mwalimu! Mama aliyeacha shule darasa la tatu. Nilipomwambia alienda kufunga ndama ambaye alikuwa amefungwa tayari. Mimi nikalia kidogo, kwa furaha tu.

Nimeongeza picha moja: sufuria juu ya moto, Mama akisema neno lake. Sikugusa sauti. Osoro amepika. Ameomba somo la pili! Kikundi cha kina mama wa chai pia wanataka lao, la kupogoa michai. Wanafunzi halisi hao, kumi na wanne!

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tisa na nusu. Mwalimu mkuu amepiga simu tena: nisijipoteze, nichukue chuo ambacho watu wanakijua. Ni mtu mzuri, na naogopa huenda yuko sahihi. Nikikosea, hakuna kurudi Nairobi mwaka huu.

Nimefungua ukurasa wa ng'ambo. Kitufe ni cha kijani.

Mama amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Nimemuuliza nifanye nini. Amesema neno moja tu. Nipige? Nipike? Sijui, na sikuuliza.

Nimebonyeza!

Mtandao umekwama. Duara linazunguka tu. Saa kumi kasoro dakika tatu. Mama ameweka ndoo chini, ameinamia simu pamoja nami.

"Imeiva?"