Shangazi Anajua Nakwenda Kusomea Uhasibu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana kila nikiipunguza naona nimeacha jambo la maana.

Mimi ni karani katika ofisi ya mipango miji, dirisha la tatu, napokea maombi ya vibali vya ujenzi na kugonga muhuri, na mbele yangu kuna kiwanja cha nyasi ambacho ofisi imekizungushia ua wa michongoma na kibao cha USIPITE HAPA, lakini watu wanapita, mtunza bustani akiziba pengo wanatoboa palepale, nami badala ya kugonga muhuri nikawa nawatazama na kujiuliza wanakwenda wapi hawa, mpaka siku moja saa ya chakula nikawafuata, mimi kwa kuzunguka barabarani kwa sababu ya kile kibao, nikagundua wengi ni akina mama wenye watoto mgongoni wanaokwenda zahanati, ambayo lango lake lilihamishiwa upande wa pili, na tangu hapo sijatulia, nikiona kona najiuliza nani aliipinda, nikiona soko limedoda najiuliza njia ya kuingilia iko wapi.

Nikamuuliza mkuu wetu, tunayemwita Bwana Penseli kwa sababu ya ile isiyotoka nyuma ya sikio lake, "Mzee, kwa nini tusiwafungulie njia tu?" Akacheka. "Karani, na muhuri atagonga nani?" Halafu akasema, "Swali lako zuri, ila jibu lake linasomewa. Chuo kikuu wana shahada ya mipango ya miji na mikoa. Omba." Nikaomba kimyakimya, nikapata, masomo yanaanza mwezi ujao.

Tatizo ni shangazi. Ndiye aliyenilea kwa cherehani yake baada ya mama kufariki, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, alitoka kuanika nguo akakuta X nyekundu ukutani, rangi haijakauka, akadhani ni utundu wa watoto, akaisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikatoka. Kumbe ni maofisa wa mipango, barabara inapanuliwa, na hawakubisha hata hodi. Tingatinga lilipofika, yeye alikuwa ndani anampima mteja. Mpaka leo anaishi nyumba ya kupanga, na akisikia habari za ramani huuliza, "Hivi hao wachora mistari hawana mashangazi?" Anajua nafanya kazi "dirishani". Hajawahi kuuliza dirisha la nini, nami sijamwambia.

Aliposikia nimepata chuo alipiga vigelegele, akauliza nasomea nini, nikaogopa, nikasema uhasibu. Sasa mtaa mzima unaniita mhasibu, na Jumapili nilipomtembelea akasema, "Mhasibu wangu, simama nikupime, mtoto wangu haendi chuo kikuu na shati la kununua," nikasimama nimenyoosha mikono kama mtuhumiwa anayepekuliwa. "Mbona unatetemeka? Au hesabu ngumu?" Je, niache chuo? Nisome uhasibu kweli? Au nisome kimya, nimwambie siku ya kuhitimu? Sina mzazi mwingine, mshauri. Nikimpoteza huyu nimebaki peke yangu.

Karani wa dirisha la tatu

JIBU:

Karani, kwanza vuta pumzi. Pole kwa nyumba ile. Mtoto aliyeona ukuta wa kwao ukianguka ana haki ya kutetemeka. Pole imekwisha, sasa tugombane.

Michongoma umeieleza kwa raha kama mtu anayesimulia harusi, uhasibu umeutaja kama dawa chungu. Ulishaamua siku nyingi, unachotafuta kwangu ni mtu wa kukusindikiza. Basi kuacha chuo, futa. Uhasibu, futa. Kusubiri kuhitimu? Shangazi wa watu ajisifie mhasibu asiyekuwepo miaka yote hiyo, kisha umwambie mbele ya umati? Hilo nalo ni tingatinga, mwanangu.

Hebu isome tena barua yako. Hukuandika kwamba shangazi anachukia barabara. Umeandika kwamba hawakubisha hodi. Watu walikaa wakapanga mambo ya nyumba yake, naye yumo ndani anashona, hana habari. Na wewe umefanya nini? Umeomba kimya, umepata kimya, sasa unataka kusoma kimya. Hujakanyaga darasani na kosa lao umeshalijua lote!

Nenda kabla hajatia mkasi kwenye kitambaa. Usimtume mtu, usiandike ujumbe wa simu. Mwambie dirisha la tatu ni dirisha la nini, halafu mwambie la chuo. Atawaka. Kaa hapohapo, usijitetee, na nakuonya, usimfundishe faida za barabara pana. Akishanyamaza muulize kitu ambacho wewe, mdadisi wa nyasi, hujawahi kumuuliza: siku ile wangebisha hodi, angewaambia nini? Kisha sikiliza mpaka mwisho, hata kama chai itapoa. Siwezi kukuahidi kwamba shati litashonwa. Lisiposhonwa, nenda na la kununua, na Jumapili inayofuata urudi kwake vilevile.

Kibao cha ofisini endelea kukiogopa ukitaka. Ila mlangoni kwa shangazi usipite kimya tena. Bisha hodi, na usubiri mpaka aseme karibu.