Fundi Masikio, Mama Yetu Aliyeturudishia Sauti ya Babu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile, umemshika Baba mkono, ukimwambia aende akanywe chai kabla haijapoa. Mpaka dakika za mwisho ulikuwa unapanga watu.

Wateja walikuita Fundi Masikio. Walikuletea kanda kuukuu za harusi, za kwaya, za wazazi wao waliotangulia, nawe ukazihamishia kwenye kompyuta na kuzipunguzia makelele. Mteja akitokwa na machozi hukumharakisha. Ulimsogezea kiti, kazi nyingine zikangoja. Kile chumba cha nyuma kilikuwa ufalme wako. Baba akianza kushona chumba cha pili, unagonga ukuta: "Baba Watoto, cherehani yako imeniingia masikioni!"

"Na wewe umeniingia moyoni, tufanyeje?"

Sisi watoto tulijifanya hatusikii.

Leo tunataka kuikumbuka ile kanda ya Babu. Mama Mdogo, kitinda mimba wenu, hakuwahi kuijua sauti ya baba yenu, maana mzee alifariki yeye hata kutambaa hajaanza. Siku alipoiokota kaseti chini ya sanduku la nguo alikuja mbio, mguu huu kiatu, mguu ule ndara. Tukaisikiliza. Mvua juu ya bati, friji ikinguruma, na kwa mbali mtu anasema jambo lisiloshikika.

Mama Mdogo akanywea. "Hamna kitu humu, dada."

"Yumo," ukasema. "Kafunikwa tu."

Mwanao wa kiume akajitia ufundi, akashusha kelele zote kwa mpigo mmoja. Babu akatoka kama anayeongea ndani ya ndoo. Ulicheka ukashika mbavu. "Huyu si baba yangu, huyu chura! Hebu nipishe kwenye kiti."

Ukachagua kipande ambamo hakuna anayeongea, ili programu ijue mvua na friji vinavyolia vikiwa peke yake. Kisha ukaanza kuuvuta mstari wa sauti kwenye skrini, masafa baada ya masafa, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Kule chini kwenye besi, inakonguruma friji, ulikata bila huruma. Katikati, inapokaa sauti ya mtu, ukapagusa kidogo kidogo, kama anayetia chumvi. Shida ilikuwa juu, ambako mvua na zile "s" na "sh" za Babu vilibanana mahali pamoja. Hapo ulihangaika, unashusha, unapandisha, unafumba macho kusikiliza, unarudia tena.

"Lakini mvua bado naisikia," Mama Mdogo akalalamika.

"Iache inyeshe. Nikiikausha yote, maneno ya Baba yatakwenda nayo."

Ukabonyeza. Babu huyo, mzima mzima, na kicheko chake cha puani: "Nani ananing'ata shingo? Ni wewe, kasuku wangu? Eti ni wewe?" Kitoto kikapiga ukelele wa furaha. Mama Mdogo akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Halafu, nyuma kabisa, ikasikika sauti ya msichana aliyekasirika kwelikweli: "Baba, huyu analia mno. Tumrudishe hospitali!"

Chumba kizima kikageuka kukutazama.

"Dada! Ulitaka kunirudisha?"

"Ningekuwa na risiti, ungerudi siku ileile."

Mlikumbatiana mkicheka, mkilia, mkicheka tena, na Mama Mdogo akaomba Babu arudiwe mpaka Baba akaacha kushona, akaja kusikiliza naye. Tangu hapo, kila akikupigia simu, Mama Mdogo alijitambulisha: "Ni mimi, mzigo usiorudishika."

Jana jioni tulikusanyika sebuleni tukijua tutalia. Tulilia kweli, kidogo. Kisha mmoja akaanza kukuigiza unavyogombana na kompyuta, mwingine akamdakia, na vicheko vikatoka nje mpaka jirani akaja kubisha hodi.

"Jamani, leo kuna sherehe gani?"

Baba akajifuta macho, akamvutia kiti. "Ya mke wangu. Karibu, keti, nikusimulie."

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani. Na sisi wanao, binti anayeendeleza kazi yako na kaka yake. Na mkweo, wajukuu zako, Mama Mdogo, na wateja wako wote. Pumzika, Mama. Siku zote utatajwa humu ndani, na kila ukitajwa, mtu atacheka.