Mpwa Wangu Ameita Fundi Mwingine kwa Sababu ya Neno Moja

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba ni mdogo, maana mwombaji mwenyewe ni mtu mkubwa, mimi ndiye fundi bomba ambaye nikilala na homa siku mbili nusu ya mji huu hainawi uso, na hili silisemi kwa kujisifu, waulize watu, wananiita Profesa na sijawahi kuwaomba waniite hivyo isipokuwa mara moja.

Ili unielewe lazima nikueleze kwanza habari ya hoteli. Kulikuwa na hoteli ya ghorofa tisa, maji yanapotea na hakuna anayejua yanakopotelea, wakaletwa wahandisi watatu wenye tai, wakachora ramani, wakanywa chai, wakaondoka, ndipo meneja akasema niitieni yule, nikaenda na bisibisi moja tu, nikaweka sikio ukutani ghorofa ya pili, nikasikia tone linadondoka ghorofa ya saba, nikasema bomoeni pale, wakabomoa, maji yakaruka yakamlowesha meneja mpaka soksi, na hadi leo nikipita mlangoni mlinzi anasimama wima. Zamani nilikuwa nasema ni ghorofa sita, lakini nikihesabu vizuri ni tisa.

Sasa shida yenyewe. Dada yangu ana binti, huyu mpwa wangu alikaa kwangu miaka yote ya chuo, asubuhi nikimpeleka kwa pikipiki amekumbatia mabomba ya kazini kwangu kama mtoto mchanga, leo ni mwalimu wa sayansi, na kila Jumapili alikuwa anakuja kwangu tunabishana mpaka chai inapoa. Mwezi uliopita akaniambia, "Mjomba, njoo darasani uwaonyeshe wanafunzi wangu maji yanavyofika kwenye koki. Nusu saa tu. Na hoteli uiache nyumbani."

Nikaenda, shati limepigwa pasi, watoto arobaini na ushee wametulia tuli, na ningetoka pale salama kama binti mmoja wa dawati la mbele asingeuliza maji yenyewe yameumbwa na nini. Mpwa wangu akamjibu kwamba ni chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, atomi zilizoshikana, hiyo inaitwa nadharia ya atomi, kama ilivyo nadharia ya vijidudu vinavyoleta magonjwa. Hapo, mshauri, nikashindwa kujizuia, kwa sababu neno hilo nalijua. Sisi mafundi mtihani wetu una sehemu mbili, nadharia na vitendo, nadharia ni ile karatasi ya asubuhi unayoijaza ukiwa umekaa, vitendo ndiyo kazi, na kila fundi anajua kwamba aliyefaulu nadharia peke yake usimpe hata ndoo akushikie.

Nikasimama nikasema, "Wanangu, mmemsikia mwalimu wenu kwa mdomo wake. Ni nadharia. Maana yake hao wenzetu bado hawajafika kwenye vitendo. Nani hapa amewahi kuiona atomi? Nyoosha mkono."

Haukunyooshwa hata mmoja.

"Kijidudu je?"

Ukanyooshwa mkono mmoja, lakini huyo alikuwa amemwona mende.

Watoto wakacheka, nami nikichekewa huwa naongeza, nikaongeza. Mpwa wangu hakucheka. Saa ya chakula darasa zima likapita kwenye bomba la kunawia bila hata kuligusa, anayeulizwa anasema vijidudu ni nadharia tu, mjomba wa mwalimu kasema, wiki hiyo wawili wakaumwa matumbo, mimi nasema ni ulafi, lakini mwalimu mkuu akamwita mpwa wangu ofisini akamuuliza anafundisha sayansi au ameleta kijiwe shuleni.

Jumapili hakuja. Ya pili hakuja. Simu haipokei. Nikamwendea dada, naye badala ya kunipa pole akasema, "Kaka, unafunga mabomba ya mji mzima, mdomo wako peke yake ndio umekosa koki."

"Basi niombee msamaha."

"Kwani umenikosea mimi? Mdomo ulikwenda wapi? Miguu nayo iende huko huko."

Lililonikata maini ni la juzi. Koki ya jikoni kwa mpwa wangu imeharibika, akaita fundi mwingine. Fundi mwingine, mshauri, tena yule ambaye utepe wa kuzuia kuvuja anauzungusha kinyumenyume. Nimezunguka nyumba yangu siku nzima sina la kufanya. Sina mtu mwingine duniani anayenibishia kwa mapenzi, wengine wote wananiitikia tu. Kwa hiyo nakuomba umwandikie mpwa wangu, wewe unasomwa na wengi, umthibitishie kwamba nadharia ni nadharia na mjomba wake hakukosea, ili anune kidogo kisha arudi.

Nimalizie na jambo ambalo sikumweleza hata dada. Kabla sijatoka darasani, mpwa wangu aliniuliza kwa upole kabisa, mbele ya watoto, "Mjomba, ukuta mzima, rangi haijaguswa, wewe unajuaje kwamba ndani kuna bomba linavuja?" Nikasema nimesahau spana kwenye pikipiki, ngoja niifuate. Nikatoka, nikapanda pikipiki, nikaenda nyumbani. Spana nilikuwa nayo mkononi.

Ni mimi,
Profesa wa Mabomba

*

Profesa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikairuka hoteli. Pole kwa hizo Jumapili. Upweke wa mtu aliyezoea kubishana naujua, nyumba inakuwa na masikio na haina midomo. Lakini barua unayotaka nimwandikie mpwa wako siiandiki, kwa sababu ulikosea, tena ulikosea jambo ambalo mikono yako inalijua na mdomo wako haujui.

Swali ulilolikimbia nitakujibia. Ukiitwa kwenye nyumba yenye ukuta mzima, unafunga koki zote, kisha unakwenda kuitazama mita ya maji. Kama mshale bado unazunguka, maji yanakwenda mahali. Tone hujaliona. Unakisia: labda ni bomba la bafuni. Kisio hilo, Profesa, ndilo wewe ulilowaambia watoto linaitwa nadharia, kumbe wenye sayansi wanaliita dhana, na wanaliamini kama unavyoliamini wewe, yaani nusu nusu. Unalijaribu. Unasema, nikifunga valvu ya bafuni mshale utasimama. Ukisimama, umepata kitu. Usiposimama unalitupa kisio lako na kuhamia jikoni, hata kama ulikuwa umeshalipenda.

Sasa fanya hivyo katika nyumba elfu, kwa mikono ya mafundi elfu wasiojuana, wengine wakitafuta kwa hamu pa kukuumbua. Maelezo yatakayobaki yamesimama, yale yanayokuambia kwa mpigo mmoja kwa nini mshale unazunguka, kwa nini rangi inababuka na kwa nini tangi linashuka usiku na mchana, hayo ndiyo nadharia. Haiko kabla ya vitendo. Ni vitendo elfu vilivyokubaliana. Karatasi yako ya asubuhi ilichukua jina tu. Na neno lenyewe ni ndugu wa nadhari, ambayo ni uangalifu, kwa hiyo ulisimama mbele ya watoto ukakidharau kitu kinachoitwa kuangalia vizuri.

Umeuliza nani ameiona atomi. Weka vumbi laini kwenye tone la maji lililotulia, ulitazame kwa hadubini. Litatetemeka, litasukumwa huku na huku, na hakuna aliyeigusa meza. Wataalamu walikaa wakapiga hesabu: kama kweli maji ni chembe zinazogongana, vumbi hili litahangaika kwa kiasi fulani. Wakapima, ikawa kiasi hicho hicho. Ule ndio uliokuwa mshale wa mita yao, na siku hizi vipo vyombo vinavyochora hata atomi moja moja. Kuhusu vijidudu aibu yako ni kubwa zaidi, maana vingi vinaonekana kwa hadubini ya kawaida, na huenda ilikuwepo kabatini, hatua tatu kutoka pale ulipokuwa unawanyooshesha watoto wa watu mikono.

Na kama neno nadharia linakukera kiasi hicho, bomba la choo unalilaza kwa mteremko kwa nini? Mvutano wa ardhi nao ni nadharia, wala hujawahi kumwona anayevuta. Lilaze lipande juu, kisha umsubiri mwenye nyumba.

Usinielewe vibaya, nadharia haijafukiwa kwa saruji. Fundi mwenye akili huacha mfuniko wa ukaguzi, siku likitokea jipya afunue na kurekebisha. Wanasayansi nao huacha. Lakini huyo anayekuja kufunua aje na kipimo mkononi. Kicheko cha watoto si kipimo.

Sasa nikuambie lililoniuma mimi, maana la kwako umeshalisema. Ulidhani lile swali la mwisho ni mtego. Mpwa wako alikuwa anakufungulia mlango. Ulikuwa umeshamharibia somo, naye bado akakupa nafasi ya kuwaonyesha watoto arobaini kwamba mjomba wake amekuwa akitafuta visivyoonekana kwa ushahidi tangu yeye hajazaliwa. Alikuwa anajivunia wewe, mzee. Nawe ukawasha pikipiki.

Fanya hivi. Nenda kwa mwalimu mkuu, si kwa mpwa wako, uombe kurudi darasani, na umweleze kwamba kijiwe kilikuwa chako peke yako. Beba mita mbovu uliyoifungua, watoto waone mshale na meno yake. Waambie neno ulilitumia vibaya. Jibu lile swali, polepole, bila hoteli ya ghorofa yoyote. Kisha nawa mikono kwa sabuni mbele yao mpaka chini ya kucha, nao wanawe nyuma yako mmoja mmoja. Yule fundi mwenzako usimguse, koki ya watu imepona.

Wakishatoka watoto, mwambie mpwa wako maneno matatu tu: "Nilikosea, kisha nikakimbia." Usieleze. Usitie mfano. Akinyamaza, nyamaza. Akilia, nyamaza. Akikuambia kwamba hata utepe huwa unauzungusha vibaya, ujue umesamehewa, na hapo sasa unaweza kufungua mdomo.

Mshauri wako