Mshale wa Jumamosi

Winnipeg, Kanada
3 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii itakukuta mzima na mguu haukusumbui kwa kipupwe cha huko, ingawa kipupwe cha Ukonga mimi siku hizi nakiita joto. Huku ni mzima. Bado natengeneza kompyuta za mashule, na bado naishi peke yangu katika kile chumba cha juu nilichokueleza.

Mama, jana nilipoingia kwenye kompyuta yako kutoka huku, kama kawaida yetu ya Jumamosi, niliona tena lile tangazo la kukutaka uhamie mfumo mpya. Safari hii tulitilie maanani. Windows uliyonayo ni ya kumi, na kuanzia katikati ya Oktoba wenyewe wataacha kuihudumia. Kompyuta itawaka, ila itakuwa kama nyumba ambayo mlinzi wake amestaafu na hakuna aliyechukua zamu. Wewe unatunza mle wasifu wa marehemu wa watu na kadi zao za harusi, sitaki siku moja ukute vimeharibiwa.

Kuhamia ni bure, na mashine yako inaufaa mfumo mpya, nimeshaikagua. Nipe ruhusa tu, Jumamosi moja naimaliza.

Msalimie Stephano na jirani yetu Mama Monica.

Mwanao,
Erasmus


Ukonga, Dar es Salaam
16 Agosti 2025

Mwanangu Erasmus,

Marahaba, baba. Sijambo, isipokuwa mguu, na mguu nao umeshakuwa mwenyeji, simwulizi tena anaondoka lini. Mama Monica anakusalimu. Stephano anakusalimu pia. Mtoto wa baba yako mdogo huyo ana moyo, kila akipita huku haondoki bila kunichotea maji.

Wiki hii nimechapa wasifu wa mzee Leodegar wa jumuiya yetu. Watoto wake watano walikaa sebuleni kwangu wakibishana baba yao alioa mwaka gani, na mama yao yupo ndani kwao, hakuna aliyekwenda kumwuliza. Nikawaandikia "alifunga ndoa takatifu", nikaacha mwaka. Katibu muhtasi mzuri anajua pa kunyamaza.

Sasa hayo ya mfumo mpya. Mwanangu, mimi nilianza kazi na taipureta ya mkono. Wakaniletea ya umeme, wakasema hii ndiyo mwisho wa matatizo. Wakaniletea kompyuta, wakasema hii ndiyo mwisho wa matatizo. Hayo matatizo hayajawahi kuniacha, yanahama na mimi. Halafu printa yangu ni ya zamani, itakubali kuolewa na mgeni? Na Kiswahili changu je? Hii niliyonayo uliiweka Kiswahili, nikikosea inaniuliza "Sawa" au "Hapana" kama mtu mwenye adabu.

Isitoshe, nimeizoea. Tangu baba yako afariki nyumba hii ina viti vingi kuliko watu. Kwa simu wewe ni mtu wa mbio, "mama mzima, haya, tutaongea", kabla sijameza mate umekata. Ila Jumamosi asubuhi nachemsha chai ya tangawizi, naweka kikombe changu na kile cha bati cha kwako, naiwasha mashine. Mshale ukianza kutembea wenyewe najua umefika, nakukaribisha. Usicheke. Mgeni haachwi akakaa bila chai, hata akiwa Kanada.

Basi mfumo tuuache kwanza.

Ni mimi,
Mama yako


Winnipeg
24 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hujambo. Nimecheka habari ya watoto wa mzee Leodegar, na nimecheka habari ya kikombe. Kile cha bati bado kipo? Kilikuwa kimebonyea ubavuni.

Usihofu kuhusu printa. Nimesoma, itafanya kazi. Kiswahili nacho nitakirudisha. Halafu hiyo printa yako haiumwi chochote. Jana tena ilikuwa ni kebo tu imechomoka, kama mwezi uliopita, na kama kabla ya hapo. Labda kuna paka anapita nyuma ya meza.

Na faida yenyewe ni hii: ukiwa na mfumo mpya, mengi yatakuwa yanajirekebisha yenyewe. Hutakuwa na haja ya kunisubiri mimi kila Jumamosi. Utapumzika, na utaendelea na shughuli zako bila kumtegemea mtu.

Niambie tufanye lini.

Mwanao,
Erasmus


Ukonga
20 Septemba 2025

Erasmus,

Marahaba. Ni mzima.

Nimechelewa kujibu, na Jumamosi hizi zilizopita sikuiwasha mashine. Usihangaike kutafuta kama ni umeme. Umeme upo.

Nimekuelewa. Umechoka na Jumamosi, nami sina sababu ya kumshikilia mtu mzima. Ulishanijibu "Hapana" kwa jambo kubwa kuliko hili, nikalimeza na nikaishi. Huo mfumo weka siku unayotaka.

Mama yako


Winnipeg
28 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua yako imenikosesha raha wiki nzima.

Hapana ipi, mama? Lini nimekukatalia jambo? Nilipopiga simu Jumatatu ulisema "hakuna neno, baba", ukanipa Stephano niongee naye. Basi na mie acha niseme langu, kwa kuwa kimya hiki si chako peke yako.

Baba alipofariki sikuja kumzika. Unajua kwa nini. Makaratasi yangu yalikuwa serikalini, ningetoka nisingerudi. Nilijiambia nitakuja kwenye misa ya mwaka, tutakaposimika msalaba, maana kwetu msalaba wa baba unashikwa na mtoto wake wa kwanza. Mwezi wa tatu ukafika. Nikangoja uniambie siku. Nikaja kuiona misa yenyewe kwenye picha za kundi la ukoo, kila mtu amevaa kitenge cha sare, na mikono iliyoshika msalaba wa baba yangu ni ya Stephano.

Sikukuuliza. Niliona kama nimeshafutwa, na aliyefutwa haulizi. Nikaendelea kuingia kila Jumamosi kutengeneza printa, kwa kuwa hilo hukulikataa.

Mwanao,
Erasmus


Ukonga
30 Septemba 2025

Erasmus mwanangu,

Marahaba. Sijalala vizuri, kwa hiyo nisamehe kama herufi zinarukaruka.

Unasema ulingoja nikwambie siku? Nilikuuliza! Ilikuwa Februari, Jumamosi, umekuja kuangalia kwa nini mashine inachelewa kuwaka. Nimevaa kabisa khanga mpya siku hiyo kwa sababu nilikuwa na la maana la kusema. Nikakukaribisha, nikakuachia kwanza ufanye kazi yako. Kisha nikasema, "Baba, misa ya mwaka ya baba yako tunaifanya mwezi ujao. Padri anataka kujua nani atashika msalaba. Utakuja?" Nilisema kwa sauti, maana najua mashine yenyewe kuukuu.

Mshale ukasimama. Nikaona kabisa unafikiri. Halafu kikatokea kiboksi katikati ya kioo, mshale ukaenda moja kwa moja, ukabonyeza "Hapana". Kikapotea.

Nikakaa pale mpaka chai yako ikafanya utando. Nikasema moyoni, mtoto anaona aibu kunijibu kwa mdomo, kanijibu hivi. Mama Monica aliponikuta nalia nikamwambia ni vitunguu. Nikamwita Stephano.

Na si hilo tu. Kila Jumamosi nimekuwa nikikwambia mambo. Daktari wa Mwananyamala alivyosema kuhusu mguu. Ndoto niliyoota ya baba yako. Hata siku ile niliyokwambia sikuwekei kinyongo kwa kutokuja kwenye mazishi, nilitegemea hapo angalau utatikisa huo mshale. Wewe ukaendelea kufuta mafaili. Mwaka na nusu sasa sijapata jibu hata moja, ila hiyo Hapana. Siku ya kwanza si tuliongea vizuri tu, mshale unatembea huku unanieleza unachofanya? Nini kilikupata baada ya hapo?

Mama yako


Winnipeg
1 Oktoba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Sikukusikia.

Ile programu inanionyesha kioo chako na kunipa mshale, basi. Haina sauti. Siku ya kwanza tuliongea kwa sababu simu ya Stephano ilikuwa hapo mezani, spika imewashwa. Sauti yangu ilitoka kwenye simu, mama, haikutoka kwenye mashine. Jumamosi zote zilizofuata hakukuwa na simu. Nilikuwa nimekaa huku kwenye ukimya, naangalia wasifu za watu, nikidhani na wewe uko jikoni na mambo yako. Wakati mwingine nilimaliza kazi nikabaki naupeleka mshale huku na huku bila sababu, kwa kuwa kioo kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiona cha nyumbani.

Na ile Hapana. Nimekumbuka. Kiboksi kilikuwa tangazo hilihili la mfumo mpya, linauliza kama tuhamie wakati huohuo. Ulikuwa umefungua wasifu wa mtu hujaumaliza, nikaogopa utapotea. Nikalikatalia tangazo. Nilikuwa nakulindia kazi yako, mama. Wewe sikukukatalia.

Naumia. Yale yote uliyoniambia sina hata moja.

Kibali changu kilitoka mwezi wa sita. Sasa naweza kutoka na kurudi. Sikukwambia kwa sababu niliona hakuna anayeningoja.

Tafadhali, niambie upya. Yote.

Mwanao,
Erasmus


Ukonga
18 Oktoba 2025

Mwanangu Erasmus,

Marahaba, marahaba. Ni mzima, na mguu umetulia tangu hatimaye nianze ile dawa ya daktari. Nilikuwa nimekueleza habari zake Aprili, kumbe nilikuwa naieleza meza.

Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikaenda kukaa uani. Kwanza nilicheka, mwanangu. Mtu mzima, katibu muhtasi wa miaka yote ile, nimekaa mwaka na nusu namkaribisha mshale chai. Nilicheka mpaka Mama Monica akachungulia ukutani. Halafu kicheko kikaisha, nikaona aibu, na baada ya aibu nikasikia upweke ambao sikuwahi kuusikia hata wiki ile ya mazishi. Maana wiki ile nilijua niko peke yangu. Jumamosi zote hizi nilidhani tuko wawili.

Unaniomba nikwambie upya. Siwezi, baba. Mengine yalikuwa ya siku yake. Ndoto ya baba yako nimeshaisahau, nakumbuka tu alikuwa amevaa viatu vyangu. Lile la mazishi ndilo nalirudia, nalo lisome taratibu: sikuwa na kinyongo, na sina. Yaliyobaki yamepotea, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Leo asubuhi nimeiwasha mashine. Nimetenga chai kama kawaida, mkono umezoea, nikaona nimeshaweka vikombe viwili. Lile tangazo likaja tena, linaniuliza kama nihamie mfumo mpya. Safari hii nililisoma lote, mpaka maandishi madogo. Nikajiuliza, Bernadeta, hiki unachokililia cha zamani ni kipi hasa? Nilikuwa naitunza mashine hii kwa ajili ya mazungumzo ambayo hayakuwepo. Wasifu wa watu nimeuweka kwenye flashi, kama ulivyonifundisha. Nikabonyeza "Ndiyo" mwenyewe, kwa kidole changu.

Ilichukua asubuhi nzima. Ikazima, ikawaka, ikazunguka, ikazima tena. Sikuwa na wa kuongea naye, nikanywa chai yangu, nikanywa na ya kwako. Kile cha bati bado kimebonyea ubavuni, hukukosea.

Sasa ndiyo nakuandikia kutoka humo humo kwenye mpya. Printa imekubali. Imeniwekea Kiingereza, ila nimeshapaona pa kubadilishia. Huna haja ya kuingia tena kwa ajili ya hilo. Kebo nayo haitachomoka, yule paka nimemkanya.

Kuna jambo moja limebaki. Msalaba wa baba yako umeinama. Udongo ulititia kwa masika na hatukuushindilia vizuri, sasa umelalia upande wa barabara, ukipita unaona kabisa. Stephano anataka aje kesho baada ya misa aunyooshe, ameshaazima koleo na sururu. Nimemwambia angoje kidogo, kuna mtu sijamwuliza.

Nauliza, basi. Na hapa hakuna kitufe cha kubonyeza, itabidi uandike.

Ni mimi,
Mama yako


Winnipeg
18 Oktoba 2025

Mama,

Shikamoo. Mwambie Stephano asiuguse.

Mwanao,
Erasmus