Neno la Kiingereza kwa Nyundo ya Papa

Kilembe, Uganda, 10 Februari 1957

Dada Béata,

Salamu nyingi. Mimi muzima, kifua tu kinanisumbua kwa vumbi la mugodi. Wewe hujambo? Watoto wanakula vizuri?

Dereva mumoja wa Goma ameniambia kwamba Papa yetu, kabla ya kufa, alimupa mume wako nyundo yake ya kufulia chuma. Béata, mutoto mwanaume ni mimi. Viateur ni mukwe. Alikuja kwetu kuomba muke, sasa amebeba na nyundo?

Karani wetu amenifundisha neno la Kiingereza: "heirloom". Ni kitu cha ukoo, hakitoki nje ya damu. "Heir" ni murithi, "loom" ni mutambo wa kufuma nguo. Hata Waingereza wanajua haki yangu. Mupe dereva nyundo aniletee.

Kaka yako,
Ndagijimana

Goma, 2 Machi 1957

Kaka yangu,

Sisi tunapona, kitinda mimba tu ana homa ya meno. Kunywa maziwa, kifua kitalegea.

Nyundo haiondoki. Viateur alivukuta moto wa Papa miaka tisa. Miwili ya mwisho, mukono wa Papa ulikuwa umekufa. Alikaa kitini akisema, "Piga hapo. Geuza. Piga tena." Majembe ya watu kutoka hapa mpaka Rutshuru yalitoka mikononi mwa Viateur. Siku moja Papa akamuwekea nyundo mapajani: "Hii ni yako, inakujua." Nilikuwepo.

Na neno lako silielewi. Papa alifuma nguo gani? Uliza vizuri hicho kipande cha pili.

Mudogo wako,
Béata

Kilembe, 18 Juni 1957

Béata,

Natumaini mutoto amepona. Mimi bado nakohoa.

Karani nilimuuliza siku ile ile nilipopata barua yako. Alifungua kitabu chake cha maneno, akasoma, akacheka. Zamani sana, kabla "loom" haijabaki kwa wafumaji peke yao, ilikuwa chombo chochote cha kazi. "Heirloom" ni chombo kilichobaki na nyumba, kwa murithi anayekaa pale. "Basi," akaniuliza, "nani anafanya kazi na hiyo nyundo?" Nikamwambia nina haraka.

Sikutaka ujue, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Nina wivu, Béata. Nikiwa na miaka kumi na minne niliharibu kisu cha mutu, Papa akaninyang'anya nyundo mbele ya wateja: "Wewe, toka." Nikatoka mpaka Uganda. Akaja mutoto wa wengine, Papa akamuvumilia miaka tisa! Nikiwaza nyundo ile mapajani mwa Viateur, chakula kinanishinda. Bado naitaka.

Ndagijimana

Goma, 9 Agosti 1957

Kaka,

Wote wazima, lakini nyumba haina amani. Barua yako niliificha, Viateur akaiona. Asubuhi aliifunga nyundo katika gunia akaipeleka kwa dereva. Nilimushika mukono nikilia. Akanijibu, "Mimi nilipata nyundo na muzee pia. Yeye hakupata hata kimoja."

Wiki mbili sasa moto umezimika. Nyundo ya dukani inamuchubua. Watu wanakuja na majembe, wanarudi nayo. Nimewakasirikia ninyi wawili. Usiandike kunishukuru.

Béata

Kilembe, 1 Septemba 1957

Mudogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Nyundo imefika. Niliomba chuma chekundu kwa mafundi wa hapa, nikapiga. Kila pigo lilikwenda pembeni. Mupini umebonyea kwa vidole vya watu wawili, na gumba langu halienei. Nilitaka kuitupa mutoni. Nilifika mpaka ukingoni, nikasimama pale kama mujinga, watu wakinitazama.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa ijayo nitafika Goma nayo. Mwambie Viateur wazi kwamba wivu haujaisha, asije akadhani nimekuwa mutakatifu. Lakini awashe moto. Nitavukuta mimi, na mutu asiniulize nitakaa mpaka lini.

Kaka yako,
Ndagijimana