Shahidi Alisimama Wapi

Jumatatu, 14 Septemba 2015. Buffalo

Miaka mia moja na kumi na minne leo tangu Rais McKinley wa Marekani afie katika mji huu. Alipigwa risasi tarehe sita akiwapa watu mkono, akakata roho tarehe kumi na nne. Ukumbi alimopigiwa risasi ulibomolewa zamani. Limebaki jiwe lenye kibao, katikati ya nyumba za watu. Nilipita hapo jana baada ya ibada. Hakuna aliyekuwa akilitazama.

Mwalimu wa historia wa darasa la nane amenikabidhi wiki mbili nzima. Kazi yangu ya kila siku ni kukaa kando ya watoto waliotoka makambi ya wakimbizi na kuwanong'oneza maana. Sasa nisimame mbele. Sharti lake ni moja: kitabu cha kiada kifungwe, watoto wasome magazeti ya siku zile, maneno ya mahakamani, picha. Akaniuliza kama ni kweli nina shahada ya historia. Ninayo — Bukavu, miaka mitano. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nimeona haya kwa jinsi nilivyofurahi.

Jioni kaka yangu Rudasingwa amepiga simu kutoka Louisville. Wazee wa upande wa Ruta wamekubali tarehe: Jumamosi, kumi Oktoba, nyumbani kwa kaka, mtaa wa Newburg. Watakuja kuniposa. Nimesema ndiyo. Kisha nimekaa jikoni na ndiyo yangu, peke yangu.

Ruta amefiwa na mke. Ni shemasi, anaendesha forklifti ghalani. Mwaka mzima sasa hunipigia anapotoka kazini, na huniuliza nimekula nini. Mtu asiyeishi peke yake hawezi kujua uzito wa swali hilo.

Jumatano, 16 Septemba

Tumechora sakafu ya ukumbi kwa utepe wa gundi. Hapa rais, hapa walinzi, hapa foleni. Mugisho aliutaka urais, akaupata. Amewapa mkono watu ishirini na watano, wengine mara mbili, akiwauliza habari za ng'ombe wao. Kamikazi akazungushia mkono kitambaa, kama muuaji alivyofanya. Ndani hapakuwa na kitu. Mwalimu wao alikataza hata ndizi ya kuigiza bastola.

Gazeti moja lilimwita muuaji mgeni. Karatasi nyingine inaonyesha alizaliwa Michigan, mtoto wa wahamiaji. Mugisho akasema basi hata wadogo zake waliozaliwa hapa hawajapona kuitwa wageni. Wengine walicheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Shida ilianza kwa mtu aliyekuwa nyuma ya muuaji kwenye foleni. James Parker, mtu mweusi, mhudumu wa mgahawa. Magazeti ya siku za kwanza yanasema yeye ndiye aliyemrukia muuaji. Baadaye mlinzi mmoja anasema hakumwona kabisa. Kesi ilipofika, Parker hakuitwa kutoa ushahidi. Watoto walikasirika. Nikawapa swali la kuandika juu ya kila karatasi: Shahidi alisimama wapi? Alikuwa anatazama upande gani?

Kamikazi akajibu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mwandishi wa gazeti hakusimama popote. Alikuwa ameketi ofisini. Nikamwambia huo ndio mwanzo wa historia. Nadhani nilisema kwa kujiamini kupita kiasi.

Ijumaa, 18 Septemba

Kazi yao ya nyumbani: andika jambo moja la familia yako unalolijua bila kuliona. Nani alikuambia? Alisimama wapi? Sipendi kutoa zoezi ambalo sijalijaribu, kwa hiyo nimelijaza mwenyewe. Nimeandika jambo la kwanza lililonijia — au najidanganya kwamba sikulichagua.

Jambo: Mume wangu Cyubahiro aliuawa Juni 2004 akikimbia vita, njia ya Kamanyola.

Nani alikuambia: Marcellin, wa kanisa letu. Alikuja kambini Burundi akiwa na wazee wawili. Alisema, nilimwona kwa macho yangu.

Alisimama wapi:

Hapo pamebaki wazi. Miaka kumi na moja. Niliomboleza kwa maneno hayo, niliandikishwa mjane kwa maneno hayo, nilipanda ndege kwa maneno hayo. Sikuwahi kuuliza.

Jumapili, 20 Septemba

Baada ya ibada nilikwenda Grant Street kununua sombe, kisamvu chetu, na samaki wakavu. Muuzaji, mama wa Kirundi, alinipongeza. Habari za posa zimefika kabla yangu. Akauliza kama nitahamia Louisville na ni nani atakayechukua chumba changu.

Nilimpigia Rudasingwa. Nilizunguka sana, mwisho nikasema: nataka kuzungumza na Marcellin kabla ya tarehe kumi.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu Cyubahiro."

Aliniambia mimi ni mjane wa miaka kumi na moja, sasa nataka karatasi gani? Akasema Ruta ni mtu mzuri, nisimtafutie dosari mahali asipokuwepo. Ana haki ya kusema hivyo. Sioni dosari kwa Ruta. Hilo ndilo linaloniogopesha — kwamba ninamtaka, na kwa hiyo nitaapa mbele ya madhabahu kwamba niko huru, na neno huru lote limesimama juu ya mdomo wa mtu mmoja.

Jumamosi, 26 Septemba. Columbus

Muda wa saa nane nzima ndani ya basi. Shuleni nilisema naenda kupiga picha ya sanamu ya McKinley, na si uongo. Ipo mbele ya jengo la serikali. Alikuwa gavana hapa kabla ya urais. Amesimama kana kwamba anahutubia. Nilimpiga picha tano. Mpita njia mmoja aliniuliza ni nani huyo.

Marcellin anakaa mbali na katikati ya mji, ghorofa ya pili. Amenenepa. Tulizungumza Kiswahili kwa ajili ya mkewe Gentille, ambaye ni wa Bukavu. Chai ya maziwa, mikate, habari za watoto. Nilingoja kikombe cha pili.

"Marcellin, siku ile ya Cyubahiro. Ulikuwa umesimama wapi?"

Alitazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Bon, Mwalimu. Mi sikumuonaka."

"Ulisema ulimwona."

"Wazee walisema niseme vile. Donc, mutu anatumwa kupeleka habari ya kifo, atasema 'nilisikia'? Ungebakia unamungojea. Bibi mwenye kungojea hatokake mu kambi."

Gentille aliweka birika chini. "Weye Marcellin. Na miye uliniambiaka ulikuwa pale. Uliniambiaka mpaka rangi ya shati."

"Shati nililijua," akasema. "Alikuwa nayo moja tu ya safari."

Ni kweli. La kijivu. Nililifua mimi.

Sikukasirika, au hasira haijafika bado. Kwetu mleta msiba hutanguliwa na wazee, naye husema kwa mdomo wa mtu aliyeona, ili mfiwa aanze kulia na asianze kungoja. Nilijua. Nikiwa msichana nimewaona wazee nyuma ya nyumba wakimfundisha mtu maneno yake. Nilidhani wanamfundisha upole. Pengine ulikuwa upole. Lakini nilipofiwa mimi, sikukumbuka kwamba na maneno niliyoletewa yalifundishwa nyuma ya nyumba.

Alisikia kwa nani? Kwa wazee. Na wazee? Kwa Zihindula, dereva wa kamiyo, lori alilopanda Cyubahiro. Wazee wote wawili wamekufa. Zihindula yuko Louisville, anafanya kazi kiwandani. Kaka yangu anamfahamu. Amemfahamu miaka yote.

Gentille alinisindikiza hadi kituoni. Njia nzima aliushika mkono wangu kama tunavuka mto.

Jumatatu, 28 Septemba. Buffalo

Picha za sanamu zimewafurahisha kwa dakika tatu. Mugisho anasema rais wake alikuwa mwembamba zaidi.

Kazi za nyumbani zimerudi. Mugisho ameandika: Jambo — nilizaliwa tarehe mosi Januari. Nani alikuambia — karatasi ya kambini. Alisimama wapi — nyuma ya meza, hakuwepo kwenye uzazi. Ameongeza kwamba mama yake, baba yake na dada zake wawili pia wamezaliwa tarehe mosi Januari, na kwamba sherehe huwa moja. Nilicheka hadi mwalimu wao akageuka. Kisha nikatazama kitambulisho changu. Mosi Januari.

Kamikazi anaamini Parker alimrukia muuaji. Sababu zake: baadhi ya waliosema hivyo walikuwa karibu, na mlinzi aliyekanusha huenda alikuwa anamtazama rais. Chini ameandika kwamba anaweza kuwa amekosea, lakini angependa mtu angalau amuulize Parker mwenyewe. Nimempa alama zote. Mwalimu wao anapendekeza jibu liwe moja kwa ajili ya mtihani. Nimesema nitafikiri.

Alhamisi, 8 Oktoba

Najichunguza. Labda simtafuti Cyubahiro. Labda natafuta mlango wa kutokea, kwa sababu nimezoea chumba changu na kikombe changu kimoja. Au kinyume: nataka Zihindula aseme amekufa, nilimwona, ili niolewe kwa amani. Mtafiti anayetaka jibu fulani ni mtafiti mbovu. Mimi nataka majibu mawili.

Sisemi yu hai. Sitaki kuandika hivyo hata hapa. Nasema tu kwamba sijui ni nani aliyemwona amekufa.

Rudasingwa alikataa kunipa namba ya Zihindula mara mbili. Leo ameitoa, bila salamu. Zihindula hataki kusema kwa simu. Atakuja Jumamosi saa nne, kabla ya zamu yake. Wageni wanakuja saa sita.

Ruta alipiga simu. Nimekula nini? Ugali. Anasema amenunua suti. Sikumwambia lolote. Huo nao ni ushahidi dhidi yangu.

Jumamosi, 10 Oktoba. Louisville

Naandika katika chumba cha watoto wa Rudasingwa. Nguo ya mshanana, vazi letu la sherehe, imetandikwa kitandani, sijaivaa.

Zihindula alifika na viatu vya kazi. Hakukubali kuketi sebuleni, kwa sababu mashemeji wa kaka yangu walikuwa wanapanga viti. Tulizungumza ngazini. Anaitikia kwa heshima, ananiita dada ingawa ana umri wa baba yangu mdogo. Nilimuuliza swali lile lile.

"Dada, mi nilikuwa ku usukani. Yeye alikuwa nyuma, juu ya mizigo. Walipiga masasi, akaanguka inje. Nilimuona mu kioo."

"Ulimwona vipi?"

"Alikaa."

Akaendelea, taratibu, akiitazama mikono yake.

"Hakulala. Alikaa chini, ameshika muguu. Akanyanyua mukono. Nilikuwa na watu makumi tatu mu kamiyo, dada, na batoto. Nikakanyaga mafuta. Kufika, nikaambia wazee vile nilimuacha. Bo ndio walimalizia habari."

"Na wewe, uliamini amekufa?"

"Mi nilikuwa na lazima ya kuamini."

Kisha aliniomba msamaha, nami nikampa. Niliutoa haraka, sijui kama kwa moyo au kwa mazoea. Watu thelathini. Nilihesabu na bado najaribu kuhesabu. Ninawajua wengine wao. Wana watoto katika shule kama yangu. Akatazama saa, akaenda kazini.

Sasa wageni wamefika. Wanaume saba, makoti, manukato. Ruta yumo, nimeisikia sauti yake akimshukuru mtu kwa kiti. Nimeinua kalamu ili niisikie vizuri, na ninaandika hilo kwa sababu ni kweli kama yale mengine.

Mzee wao atauliza kama binti huyu ana mtu. Ndivyo inavyoulizwa. Jibu hutolewa na kaka, na mwanamke huitwa baadaye. Rudasingwa ameingia na sinia la soda akisema nivae. Nimemweleza mambo ya ngazini, yote, kwa mpangilio: aliyekuwa usukanini, kioo, mguu, mkono ulionyanyuliwa.

"Miaka kumi na moja, Rakeli. Angekuwa hai hangekutafuta?"

"Huenda. Mimi nilimtafuta?"

Amenionyesha mshanana kwa kidevu.

"Wakikuuliza utasema nini?" nimemuuliza. "Utasema ulimwona?"

Ameniambia nipunguze sauti. Ameniambia Ruta hastahili aibu hii, na nimekubali, hastahili. Nimemwambia basi nitatoka mimi kujibu. Nitasema: nampenda, na sijui kama niko huru. Sentensi mbili. Wachague wenyewe la kufanya nazo. Anasema mwanamke hajapata kujibu mwenyewe siku ya kuposwa, si kwetu milimani wala si hapa. Inawezekana. Sina nyaraka za kumpinga.

Sebuleni mzee wao amekohoa, kikohozi cha mtu anayeanza hotuba. Mtu amemwita Rudasingwa kwa jina. Ameweka sinia juu ya kitanda cha mtoto, akaketi kando yake, amefunika macho kwa kiganja.

"Alinyanyua mkono namna gani?" ameniuliza. "Kuaga, au kuita?"

Sikumuuliza Zihindula hilo. Wameita tena.